Gemu ya Kwanza kwa Saa 48

Jamu ya gemu ni mashindano ambayo washiriki hupewa muda mfupi, mara nyingi saa 48 au 72, kuunda gemu ya kompyuta kuanzia sifuri hadi mtu mwingine aweze kuicheza. Mada hutangazwa dakika ile ile ya kuanza, ili asiwepo anayekuja na kazi iliyokwisha kupikwa. Muda ukiisha, kila mmoja anapakia alichonacho kwenye tovuti, kiwe kimenyooka au bado kina mapengo, na wenzake wanaanza kukicheza na kutoa maoni. Kwa kawaida hakuna fedha zinazoshindaniwa. Kinachomvuta kijana wa miaka 14 au 16, ambaye tangu utotoni amekuwa akicheza kazi za wengine, ni kwamba ikifika Jumapili usiku atakuwa na gemu aliyoitengeneza mwenyewe, na watu asiowajua wataicheza.

Desturi hii ilianza Marekani mwaka 2002. Mwezi Machi mwaka huo Chris Hecker na Sean Barrett waliwakusanya watengeneza gemu wachache katika banda moja huko Oakland, California, wakawapa programu iliyoweza kuchora maumbo 100,000 kwa mpigo kwenye skrini, kisha wakawaachia wabuni la kufanya nayo. Mwezi uliofuata Geoff Howland akaanzisha Ludum Dare, jamu ya mtandaoni ambayo kila mtu anashiriki akiwa kwake. Mwaka 2009 ikaja Global Game Jam, ambayo watu hukutana ana kwa ana wikiendi moja mwezi Januari katika vyuo, vituo vya teknolojia na kumbi za kuazima. Mara ya kwanza ilikuwa na vituo 53 katika nchi 23, na gemu 370 zikazaliwa. Siku hizi tovuti ya itch.io, iliyoanzishwa mwaka 2013, huwa na jamu nyingi zinazoendelea kwa wakati mmoja, nyingine za wiki mbili, nyingine za saa tatu tu.

Masharti hutofautiana, na anayeanza afanye hima kuyasoma kabla ya kujiandikisha. Ludum Dare, kwa mfano, imekuwa na makundi mawili yanayojulikana sana. Katika kundi la saa 48 mshiriki yuko peke yake, anachora, anatunga sauti na kuandika msimbo wote, yaani maagizo ya kompyuta, ndani ya muda huo huo, na mwishoni anauweka msimbo wake wazi. Katika kundi la saa 72 watu wanaweza kuungana na kutumia picha au muziki uliokuwepo. Kwa gemu ya kwanza, kundi la pili ndilo lenye huruma. Wawili au watatu wa darasa moja, mmoja akipenda kuchora na mwingine akipenda hesabu, wanafika mbali kuliko mmoja anayelazimika kuwa kila kitu.

Mada huwa fupi, na kazi ya kwanza ni kuigeuza iwe kanuni ya mchezo. Mwezi Desemba mwaka 2013 mada ya Ludum Dare ilisema kwamba mtu anapata kimoja tu. Kundi la Acid Nerve likatengeneza Titan Souls: mchezaji ana mshale mmoja, akiurusha sharti aurudishe kwanza mkononi, na jitu analopigana nalo hufa kwa pigo moja likipatikana mahali penyewe. Neno la mada halikupachikwa kama pambo ukutani. Ndilo linalomfanya mchezaji akimbie. Mapema mwaka huo huo, Global Game Jam haikutoa neno lolote bali sauti ya moyo unaodunda. Watengenezaji kutoka Bossa Studios ya London wakaunda Surgeon Simulator, gemu ya upasuaji ambayo vidole vya daktari vina vitufe vyake kwenye kibodi na mkono unaongozwa na kipanya, hivyo hata kushika kisu tu ni kibarua kizito.

Kwenye kuchagua wazo ndipo vijana wengi hukwama, na hakuna sehemu ya jamu inayostahili kufikiriwa zaidi ya hii. Wazo la kwanza karibu kila mara huwa kubwa mno. Kijana aliyelelewa na gemu zilizotengenezwa na mamia ya watu kwa miaka mingi hufikiria jiji zima la Mombasa, matatu, askari, nyumba za kuingia, watu 30 wa kuzungumza nao na hadithi yenye miisho mitatu. Ijumaa usiku anaanza na ramani. Jumamosi jioni bado yuko kwenye ramani. Jumapili anaacha kimya kimya, akiamini kwamba hana kipaji, kumbe kosa lake lilikuwa la kipimo tu. Tofauti kati ya anayemaliza na asiyemaliza mara nyingi ni kiasi alichokubali kukata saa ya kwanza.

Wazo lile lile likipunguzwa linaweza kuwa hivi: pikipiki moja ya bodaboda, barabara moja inayokwenda kulia, mashimo, na kitufe kimoja cha kuruka. Mchezaji akitumbukia shimoni, mchezo umekwisha. Akifika mbali, alama zinapanda. Hakuna hadithi, hakuna ramani, hakuna mtu wa kuzungumza naye. Gemu hiyo inaweza kuanza kuchezeka ndani ya saa nne, tena ikiwa na mraba mwekundu mahali pa pikipiki na miraba myeusi mahali pa mashimo. Saa 44 zilizobaki ni za kuifanya ipendeze. Na ikitokea mada ilikuwa kupata kimoja tu, kitufe kile kimoja tayari kimeijibu.

Vifaa si kikwazo kikubwa kama inavyodhaniwa. Scratch, iliyotolewa mwaka 2007 na maabara ya chuo cha MIT huko Marekani kwa ajili ya watoto na vijana, haihitaji kuandika msimbo kwa herufi: maagizo ni vipande vya rangi vinavyounganishwa kwa kuburutwa, na mtumiaji anaweza kuchagua Kiswahili katika orodha ya lugha zake. Aliyekwisha kuzoea Scratch anaweza kupanda hadi Godot, injini ya gemu, yaani programu ya kutengenezea gemu, iliyoanzishwa na Waajentina wawili, Juan Linietsky na Ariel Manzur, na kufunguliwa kwa umma mwaka 2014. Ni ya bure kabisa, na haidai mgawo wowote kwa gemu inayouzwa. Mwenye bando la kuhesabu azingatie jambo moja: Godot yenyewe ni nyepesi kupakua, lakini faili la ziada linalohitajika ili kutoa gemu iliyokamilika ni kubwa mara kadhaa kuliko programu hiyo. Wengi hulikumbuka Jumapili usiku, bando limekwisha. Lipakuliwe mapema, kabla ya jamu kuanza, na gemu ya majaribio itolewe mara moja ili kuhakikisha kila kitu kinafanya kazi.

Laptopu ya zamani inatosha kwa gemu ya pande mbili. Zipo hata jamu zinazougeuza uhaba kuwa kanuni. Ile ya js13kGames, inayofanyika kila mwaka tangu 2012 kuanzia tarehe 13 Agosti hadi 13 Septemba, inataka gemu nzima, picha na sauti zikiwemo, isizidi kilobaiti 13 ikishafungashwa. Picha moja ya kawaida ya simu ni kubwa mara nyingi kuliko hapo.

Ndani ya gemu yoyote, iwe ya mraba mmoja au ya jiji zima, kuna mzunguko usiokoma. Kompyuta inaangalia kama kuna kitufe kilichobonyezwa, inahesabu kila kitu kiko wapi sasa, inachora picha, kisha inarudia. Kila picha moja huitwa fremu, na gemu nyingi hulenga fremu 60 kwa sekunde, yaani kila duru ina takriban milisekunde 16.7 za kumaliza kazi yake. Mchezaji haoni picha 60. Anaona pikipiki inakwenda.

Kuruka ni mfano mzuri wa jinsi namba chache zinavyozaa hisia. Kitufe kinapobonyezwa, pikipiki inapewa kasi ya kwenda juu, tuseme pikseli 10, yaani nukta 10 za skrini, kwa fremu. Kila fremu inayopita, mvutano unaipunguzia kasi hiyo 0.5. Fremu ya kwanza pikipiki inapanda pikseli 10, ya pili 9.5, ya tatu 9, na baada ya fremu 20 kasi imeisha na pikipiki imefika pikseli 105 juu ya barabara. Imetumia theluthi moja ya sekunde. Kisha inashuka kwa mwendo ule ule na kutua baada ya theluthi nyingine. Mvutano ukipunguzwa hadi 0.25, pikipiki inafika pikseli 205 na kukaa hewani zaidi ya sekunde nzima. Mchezaji anahisi inaelea na hana la kufanya ila kungoja. Mvutano ukipandishwa hadi 1, inapanda pikseli 55 tu na kutua kwa kishindo. Hakuna namba iliyo sahihi kuliko zote. Kijana anabadilisha, anaruka, anabadilisha tena, hadi vidole vyenyewe vikubali. Nusu saa ya kazi hiyo humfundisha kuhusu mwendo kasi mambo ambayo ubaoni yalikuwa herufi tupu.

Kujua kama pikipiki imegusa shimo ni rahisi zaidi kuliko inavyoonekana. Kila kitu huzungushiwa mstatili usioonekana. Mistatili miwili haigusani ikiwa mmoja uko wote kushoto kwa mwingine, au wote kulia, au wote juu, au wote chini. Kama hakuna hata moja kati ya hayo manne, basi imegusana, na mchezo umekwisha. Watengenezaji wazoefu huufanya mstatili wa hatari kuwa mdogo kidogo kuliko picha yake. Mchezaji aliyepita kwa kugusa ukingo wa shimo hujiona hodari. Aliyekufa huku macho yake yanamwambia kwamba alipita huizima gemu na asirudi. Celeste, gemu ya kupanda mlima iliyoanza kama kazi ya siku nne ya Maddy Thorson na Noel Berry na kutoka ikiwa kamili mwaka 2018, imejaa huruma za namna hiyo: mchezaji aliyechelewa kuruka na tayari ameshauvuka ukingo bado anaruhusiwa kuruka kwa fremu chache. Hakuna anayeliona jambo hilo likitendeka, ila wote huisifu gemu kwa kutii vidole vyao.

Kosa moja huwakumba wengi wenye mashine dhaifu. Ikiwa pikipiki imeagizwa kusogea pikseli tano kila fremu, basi kwenye laptopu inayomudu fremu 30 tu kwa sekunde itakwenda nusu ya kasi inayokwenda kwenye kompyuta mpya. Gemu iliyopimwa polepole nyumbani inamfikia mchezaji wa Finland ikiwa haichezeki kwa kasi. Dawa yake ni kuhesabu mwendo kwa muda uliopita badala ya idadi ya fremu, na injini zote kubwa hutoa namba hiyo tayari.

Picha hazihitaji mchoraji. Mholanzi anayejulikana kwa jina la Kenney ametoa maelfu ya picha za gemu chini ya leseni ya CC0, inayoruhusu kuzitumia bila malipo wala sharti la kumtaja. Zipo leseni nyingine zinazotaka jina la mwenye kazi liandikwe, na kulisahau ni kumnyima haki yake. Wimbo wa Bongo Fleva uliochukuliwa YouTube si wa bure hata kama ulipatikana bure. Una mtunzi na mwenye hakimiliki, na jamu inaweza kuiondoa gemu kwa sababu hiyo. Vivyo hivyo kwa picha zilizozalishwa na akili bandia: jamu nyingi sasa zina kanuni juu yake, nyingine zikizikataa na nyingine zikidai mshiriki aseme wazi kwamba amezitumia.

Sauti ndogo, zile za kuruka, kuokota na kugonga, zina historia inayofaa kukumbukwa. Mwezi Desemba mwaka 2007 Tomas Pettersson wa Sweden alitengeneza sfxr kwa ajili ya washiriki wenzake wa Ludum Dare: mtu anabonyeza kitufe kilichoandikwa aina ya sauti, na programu inabuni mpya kila anapobonyeza. Ilikuwa zawadi ya mshindani kwa washindani, na mpaka leo programu hiyo na vizazi vyake ndivyo vinavyosikika katika gemu nyingi za jamu. Pikipiki ya bodaboda haihitaji hata hiyo. Simu ikiwekwa karibu na kijiwe, muungurumo wa injini na honi vinarekodiwa kwa dakika moja, na Audacity, programu ya bure, inakata kipande kinachotakiwa.

Kupanga muda ni kazi yenyewe. Kabla ya kulala usiku wa kwanza, gemu iwe imeanza kuchezeka, hata kama ni miraba mitupu. Siku ya pili ni ya mashimo zaidi, alama, sauti na picha. Saa nne za mwisho haziongezi kitu kipya. Ni za kurekebisha na kupakia. Kulala ni sehemu ya ratiba, kwa sababu hitilafu inayomsumbua mtu saa tisa usiku wa manane mara nyingi huonekana dakika tano baada ya kuamka. Na pale ambapo umeme hukatika bila taarifa, kazi ihifadhiwe kila baada ya nusu saa kwa jina lenye namba mpya, nakala moja ikiwa kwenye flashi. Faili moja likiharibika, lililotangulia bado lipo.

Jumamosi jioni gemu ikabidhiwe mtu ambaye hajaiona: mdogo wake kijana, jirani, shangazi aliyepita kusalimia. Aliyeitengeneza akae kando na asiseme neno. Hii ni ngumu kuliko kuandika msimbo. Mchezaji atabonyeza kitufe kisichofanya kazi, atakufa sekunde ya pili, atauliza kama hilo jeusi ni shimo au kivuli. Kila swali lake ni kasoro ya gemu, si ya akili yake. Watoto ndio wapimaji bora, kwani hawajui kusifu kwa adabu: wakichoka, wanaondoka.

Kupakia kuna mitego yake. Njia inayowafikia wengi ni gemu inayochezwa moja kwa moja ndani ya kivinjari, kwa kuwa watu huogopa kupakua faili la mtu wasiyemjua. Kwenye itch.io mafaili hufungashwa pamoja katika zipu, na ndani yake lazima liwepo faili liitwalo index.html, la sivyo ukurasa hautafunguka. Mtego mwingine ni herufi kubwa na ndogo. Kompyuta ya Windows huona Pikipiki.png na pikipiki.png kuwa faili moja. Seva nyingi huziona kuwa mbili. Gemu iliyofanya kazi vizuri nyumbani inafunguka mtandaoni bila pikipiki. Kuandika majina yote ya mafaili kwa herufi ndogo kunaliondoa tatizo hilo lote. Maelezo ya vitufe yawekwe ndani ya gemu na kwenye ukurasa pia, kwa Kiswahili na Kiingereza, maana watakaoipima wametawanyika duniani. Tovuti nyingi za aina hii zinataka mwenye akaunti awe na miaka 13 au zaidi, na mzazi ana sababu ya kuhakikisha kwamba jina la shule na namba ya simu havionekani hapo.

Baada ya muda kuisha, upimaji huanza. Katika Ludum Dare washiriki wenyewe ndio mahakimu: hupeana nyota moja hadi tano kwa ujumla wa gemu na kwa mambo kama raha, ubunifu, mada, picha na sauti, na gemu isiyofikisha wapimaji 20 haipewi nafasi katika orodha. Anayecheza na kuwapima wengine hupata wapimaji zaidi. Kijana asitarajie kuwa wa kwanza. Atarajie maoni kumi au ishirini, mengi yakiwa ya upole, mawili yakiwa makali, na moja litakalomwambia jambo alilolipita mwenyewe mara mia bila kuliona.

Zipo gemu chache zilizotoka jamuni zikawa kazi za miaka. Arvi Teikari wa Finland alitengeneza umbo la kwanza la Baba Is You katika Nordic Game Jam ya mwaka 2017, gemu ambayo kanuni zenyewe ni maneno ya kusukuma, akashinda, na toleo kamili likatoka miaka miwili baadaye. Nyingi hubaki zilipo, na hilo si hasara. Afrika Mashariki pia ina waliotangulia bila kungoja shule iwafundishe. Mkenya Wesley Kirinya alitoa The Adventures of Nyangi mwaka 2007, kisha akaanzisha Leti Arts pamoja na Eyram Tawia wa Ghana. Lual Mayen, aliyekulia katika kambi ya wakimbizi wa Sudan Kusini nchini Uganda, alijifunza mwenyewe kwa laptopu ambayo mama yake aliilimbikizia dola 300 kwa miaka mitatu, akatengeneza Salaam, gemu inayohusu kukimbia vita.

Kwa kawaida gemu ya jamu huachwa kama ilivyokuwa saa ya mwisho, na marekebisho huwekwa pembeni kama toleo la pili. Toleo hilo ndilo la kuongeza barabara ya vumbi, abiria na mvua. Msimbo wa kuruka na ule wa mistatili haubaki ndani ya bodaboda peke yake. Unanakiliwa kwenye gemu ya jamu inayofuata, na kazi iliyochukua usiku mzima mara ya kwanza inachukua dakika kumi.